Fungu la mbwa: mwindaji wa Courbet anafanya nini msituni?

Mara ya kwanza nilipoitazama kwa utulivu picha ya mchoraji Mfaransa Gustave Courbet iitwayo La Curée, aliyenisumbua si paa aliyeuawa. Alinisumbua mwindaji. Amesimama kivulini, mgongo kauegemeza kwenye shina la msonobari, mikono kaikunja kifuani, kichwa kimelala kidogo kama cha mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi huku tumbo limeshiba. Hayatazami mawindo yake. Mbwa hana habari nao. Sisi watazamaji ndio kabisa. Shughuli zote ziko kwa wengine: kijana wa kizibao chekundu ameketi chini anapuliza baragumu, mbwa wawili wenye mabaka wamekabiliana mbele kabisa, na paa amefungwa mguu wa nyuma mtini, kichwa kikigusa ardhi.

Wahenga wanasema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Hapa mbwa ni wakali kweli, ila msasi anasinzia.

Na msasi huyo ni Courbet mwenyewe. Amejichora.

Nimwite paa kwa kukosa jina la karibu zaidi. Mnyama huyo ni chevreuil, wa jamii ya ayala, mdogo na mwenye pembe fupi, anayeishi kwenye misitu ya Ulaya. Courbet alipoipeleka picha kwenye maonyesho ya Salon ya Paris mwaka 1857, aliiandikisha kwa jina refu lenye maana ya "Fungu la mbwa, uwindaji wa paa katika misitu ya Grand Jura". Jura ni milima ya mashariki mwa Ufaransa, mpakani na Uswisi, na Courbet alizaliwa kando yake, katika mji mdogo wa Ornans, mwaka 1819. Picha ni kubwa, zaidi ya mita mbili kwenda juu na karibu mita moja na themanini kwa upana. Miti imepanda mpaka juu, na mwanga unapenya kwa shida, pale na pale.

Sasa jina. Curée ni neno la wawindaji wakubwa, wale wa mabwana wenye farasi na makundi ya mbwa. Mnyama akishauawa, alichunwa, na matumbo yake yakatandazwa juu ya ngozi ili mbwa wapewe ujira wao. Neno lenyewe limetokana na neno la Kifaransa la ngozi. Sherehe hiyo ilikuwa na taratibu zake: baragumu lilipigwa, mbwa wakazuiwa kwa mjeledi, kisha wakaachiwa. Kwa hiyo aliyesoma jina la picha mwaka 1857 alitegemea kuona damu, matumbo na vurugu za mbwa. Akakuta paa mzima asiyepasuliwa, mbwa wasiopewa kitu, na bwana aliyesinzia. Baragumu linaita karamu ambayo haijaandaliwa.

Wachambuzi wengi hupita hapo haraka kwenda kusifu misonobari. Mimi naona hapo ndipo picha ilipo. Mtu aliyeweka neno la mabwana kwenye jina la picha, kisha akaiacha sherehe yenyewe nje, ametuambia jambo kuhusu mabwana hao na kuhusu nafasi yake mwenyewe msituni.

Ili tulisikie, turudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 1789, kuwinda Ufaransa kulikuwa haki ya makabaila. Mkulima aliyekuta sungura wanamaliza kabichi zake hakuruhusiwa kuwaua, kwa sababu sungura walikuwa wa bwana. Njiwa wa bwana nao walishuka wakala mbegu, na mkulima akawatazama tu. Malalamiko hayo yamejaa katika madaftari ambayo vijiji viliandika kumpelekea mfalme mwanzoni mwa mwaka ule. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 bunge la mapinduzi lilipofuta haki za ukabaila, haki ya pekee ya kuwinda ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa waziwazi. Kila mwenye ardhi akapewa ruhusa ya kuua mawindo ya kila aina, lakini ndani ya ardhi yake tu.

"Ndani ya ardhi yake tu." Maneno hayo ndiyo mwiba. Asiye na ardhi hakupata kitu. Sheria ya Aprili 1790 ikakaza zaidi: marufuku kuwinda kwenye ardhi ya mwingine bila ridhaa yake. Mwaka 1827 ikaja sheria mpya ya misitu iliyobana haki za zamani za wanavijiji kuchunga na kuokota kuni. Katika milima ya Ariège, kusini, wanaume walivaa mashati marefu meupe kama ya wanawake, wakajipaka nyuso na kuwatimua walinzi wa misitu usiku. Historia inawakumbuka kwa jina la Demoiselles, yaani mabinti. Tarehe 3 Mei 1844 ikaja sheria ya uwindaji ambayo Courbet aliishi chini yake: kibali cha franka 25 kwa mwaka, 15 za serikali na 10 za kijiji. Kibarua wa shambani miaka hiyo hakufikisha franka mbili kwa siku. Kibali kilimaanisha zaidi ya wiki mbili za jasho, na hapo hujanunua baruti, wala hujalisha mbwa.

Kwa hiyo, katika Ufaransa ya Courbet, mtu mwenye mbwa msituni alikuwa swali. Kibali kiko wapi? Ardhi ni ya nani? Leo ni msimu au si msimu?

Na Courbet alikuwa nani katika hesabu hiyo? Hakuwa kabaila, na wala hakuwa kibarua. Baba yake alikuwa mkulima mwenye mashamba kule Flagey, mtu wa uwezo kijijini. Paris ilimjua mwanawe kama mchoraji aliyewaweka wavunja kokoto na waombolezaji wa Ornans kwenye turubai za ukubwa uliozoeleka kutengwa kwa wafalme na watakatifu. Mwaka 1855, picha zake kubwa zilipokataliwa kwenye maonyesho ya kimataifa, alijenga banda lake mwenyewe jirani na akatoza kiingilio. Miaka miwili baadaye ndipo anakuja na La Curée: yeye mtoto wa mkulima, amesimama mahali pa bwana, akiwa na mtumishi wa kupuliza baragumu na mbwa wa kufoka mbele yake. Ni majivuno? Kiasi. Courbet hakuwa mtu wa kujificha. Lakini angetaka kujisifu tu angejiweka mwangani na mguu juu ya mnyama, kama wanavyopenda kupigwa picha watalii wa uwindaji mpaka leo. Amejiweka kivulini na kufumba macho nusu.

Kuna maelezo mengine yanayosomwa sana. Mchambuzi wa Kimarekani Michael Fried anamwona mwindaji huyu kama mchoraji aliye kazini: ametulia, ameingia ndani ya nafsi yake, na shughuli ya mkono imehamia kwa kijana wa baragumu. Ni usomaji wa akili nyingi, na ukiifahamu tabia ya Courbet ya kujiingiza kila mahali, si wa kuupuuza. Ila unamtoa mwindaji msituni na kumpeleka studio. Mimi nataka abaki msituni, maana msitu ule ulikuwa na mlinzi, faini na mwenyewe.

Turubai nayo ina ushahidi wake. Si kipande kimoja. Imeungwa kwa vipande kadhaa, na mishono imechunguzwa na wataalamu. Mwanzo alikuwepo mwindaji na paa. Mpuliza baragumu na mbwa walikuja baadaye, turubai ilipoongezwa, kama nyumba ya Uswahilini inayoanza na chumba na sebule kisha ikatoa uani na baraza. Ukilijua hilo, usingizi wa mwindaji unapata maana nyingine. Aliyechorwa kwanza alikuwa mtu peke yake na mnyama aliyemuua, wawili tu, kimya. Kelele ziliongezwa. Baragumu, kizibao chekundu, mbwa: vyote ni mapambo ya uwindaji wa mabwana yaliyoshonewa pembeni mwa tukio dogo la mtu wa Jura na paa wake. Ndiyo maana mwindaji haonekani kusikia baragumu. Alipochorwa, halikuwepo.

Hao mbwa nao wana kisa. Kwetu pwani, ambako mbwa akigusa kikoi mtu hukifua upya, kuona mbwa wawili wamepewa nafasi ya mbele kumzidi bwana wao ni jambo la kushangaza kidogo. Ufaransa ilikuwa na mila ndefu ya hilo. Mchoraji François Desportes aliwachora mbwa wa mfalme Louis XIV mmoja mmoja, na majina yao yakaandikwa juu ya turubai: Bonne, Nonne na Ponne, mwaka 1702. Wanavijiji waliotumwa kuswaga wanyama kwenye misitu ya mfalme hawakupewa heshima hiyo. Mbwa wa Courbet hawana jina, lakini kazi waliipata. Mwaka uleule wa 1857 aliwarudia kwenye picha nyingine, iliyoko sasa katika Metropolitan Museum ya New York: mbwa walewale, mikao ileile, na sungura aliyekufa. Safari hii mwindaji hayumo kabisa. Nadhani wanunuzi walipenda mbwa kuliko maswali.

Wanunuzi hawa tusiwasahau, kwa sababu kuchora mandhari hakukuwa daima biashara ya heshima. Katika daraja za Chuo cha Sanaa cha Paris, juu kabisa zilikaa picha za historia, dini na visa vya miungu. Miti na mito ilikaa chini. Mwaka 1817 ilianzishwa tuzo ya Roma kwa ajili ya "mandhari ya kihistoria", iliyotolewa kila baada ya miaka minne. Msitu ulikubalika mradi ndani yake apite mtu wa visa vya kale. Mwindaji aliyefaa alikuwa Actaeon, yule aliyemwona mungu wa kike akioga, akageuzwa ayala na kuliwa na mbwa wake mwenyewe. Tuzo hiyo ilifutwa mwaka 1863. Kufikia hapo wachoraji walikuwa wameshajitafutia njia nyingine ya kuingia msituni: badala ya Actaeon, wakamweka mtu yeyote mwenye bunduki na mbwa. Constant Troyon alifanya hivyo na kuuza vizuri. Mwindaji akawa hati ya kusafiria ya mandhari. Anaupa msitu kipimo cha ukubwa, anaupa msimu, anampa mtazamaji wa mjini mtu wa kumwonea wivu.

La Curée yenyewe ilisafiri mbali. Mwaka 1866 ilifika Boston, na chama kipya cha wasanii, Allston Club, kikainunua kwa dola 5,000, fedha nyingi sana kwa kikundi cha wachoraji. Courbet alipata habari hiyo akafurahi kuliko alivyowahi kufurahia tuzo yoyote ya Paris. Tangu mwaka 1918 picha imo katika Museum of Fine Arts ya mji huohuo. Wamarekani waliikubali kama msitu. Suala la kibali cha franka 25 halikuvuka bahari.

Lakini Courbet hakuliacha. Miaka kumi baada ya La Curée, mwaka 1867, alichora picha mbili ambazo mimi huziweka pamoja kila ninapoweza, hata kama makumbusho hayafanyi hivyo. Zote mbili zina watu, mbwa na theluji.

Ya kwanza ni L'Hallali du cerf, iliyoko Besançon, turubai ya zaidi ya mita tatu na nusu kwa mita tano. Ayala dume ameanguka kwenye theluji, mbwa wamemzunguka, mtu mmoja yuko juu ya farasi na mwingine ameinua mjeledi juu ya mbwa. Ni uwindaji wa mabwana, umechorwa kwa ukubwa wa vita vya Napoleon. Hallali ni mlio wa baragumu wa kutangaza kwamba mnyama amefikwa.

Ya pili iko Roma, na ni ndogo sana ukiilinganisha na hiyo. Wanaume wawili wanakwenda kwa miguu kwenye theluji na mbwa wao. Hakuna farasi, hakuna baragumu, hakuna mnyama aliyeanguka. Inaitwa Les Braconniers, yaani Majangili.

Theluji ni ileile, kazi ni ileile, na mbwa hawana habari ya kalenda. Kilichowatofautisha watu hawa ni jina. Tena theluji si pambo hapa. Sheria ya 1844 iliwapa wakuu wa mikoa uwezo wa kupiga marufuku uwindaji wakati wa theluji, kwa sababu ambayo kila mwindaji anaijua: theluji inamsaliti mnyama. Nyayo zake zote zimeandikwa chini, unasoma tu mpaka unamfikia. Ila nyayo za mtu nazo huandikwa palepale. Mlinzi wa msitu anasoma ukurasa uleule ambao jangili anausoma. Sijui picha nyingine ya karne ile ambamo hali ya hewa yenyewe ni shahidi wa mashtaka.

Kwa hiyo, kama ningeambiwa nichague, ningeiacha La Curée Boston na kuichukua hii ndogo. Ile ya kwanza inacheza na nafasi ya bwana, inaivaa na kuivua. Hii ya pili haina mchezo. Wanaume wawili, mbwa wao, na nchi nyeupe isiyo na mahali pa kujificha.

Kipindi hichohicho wachoraji wenzake walikuwa wakishughulika na swali la msitu kwa njia nyingine, na hapa sifa zao ninazitoa nusu. Théodore Rousseau na wenzake wa kijiji cha Barbizon, waliochora msitu wa Fontainebleau kwa miaka, walipinga ukataji wa mialoni ya kale na upandaji wa misonobari ya biashara. Mwaka 1852 Rousseau alipeleka ombi serikalini. Tarehe 13 Agosti 1861, Kaizari Napoleon III alitia saini amri ya kutenga hekta 1,097 kama eneo la "kisanaa". Miti ya huko ilihifadhiwa kwa sababu inapendeza macho. Hiyo ilikuwa miaka 11 kabla ya Wamarekani kutangaza Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa, na wapenda mazingira huikumbuka kwa fahari. Sawa. Lakini tuangalie nani alikuwa na haki gani katika Fontainebleau ya wakati huo: Kaizari aliwinda, mchoraji alitazama. Mama wa kijiji aliyekuja kuokota kuni alikuwa na saa zake na mipaka yake, na mlinzi juu yake. Katika picha za Barbizon mama huyo huonekana mara nyingi sana, ameinamia mzigo wake mdogo, anapendeza.

Wazo hilo, kwamba mnyama na mti ni wa yule mwenye karatasi, lilikuja kwetu bila kupitia makumbusho. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani: leseni za kulipia, na maeneo ya Rufiji na magharibi ya Kilimanjaro yakafungwa. Mwezi Mei 1900 mataifa yenye makoloni, Ufaransa ikiwemo, yalikutana London na kutia saini mkataba wa kuwalinda wanyama wa Afrika, bila Mwafrika hata mmoja mezani. Watu waliokuwa wakiwinda kwa pinde, mitego na mbwa waliamka wamekuwa wavunja sheria. Kiswahili kimelibeba jambo hilo katika maneno matatu ambayo tunayatumia bila kufikiri: msasi ni wa masimulizi ya wazee, mwindaji ana leseni, jangili anasakwa. Courbet alikuwa na maneno yake ya aina hiyo, na aliyajaribu yote kwa brashi.

Tofauti zipo, sitaki kuzifuta. Ndovu si paa, na magenge ya meno ya tembo si wanaume wawili wa Ornans wenye njaa ya nyama. Ninachosema kinahusu jicho letu. Tunaposimama mbele ya mandhari yenye mtu na mbwa, tumefundishwa kuona utulivu, upepo, rangi za vuli. Mtu wa 1857 aliona pia kama mtu yule ana haki ya kuwa pale.

Nimalizie na picha nyingine, iliyopendwa kuliko zote hizi. Salon ya 1866 ilimpokea Courbet kwa shangwe ambayo hakuizoea, kwa ajili ya turubai iitwayo Remise de chevreuils au ruisseau de Plaisir-Fontaine, ambayo leo iko Musée d'Orsay. Ni kijito halisi, karibu na Ornans. Maji ni membamba, mawe ni meupe, majani yamefunika juu, na paa kadhaa wamepumzika, safari hii wazima. Mwindaji hayumo, mbwa hawamo, baragumu halisikiki. Wakosoaji waliomtukana kwa miaka kumi na mitano wakasema sasa amechora uzuri mtupu. Sikatai, ni nzuri. Lakini tazama paa wale walivyo karibu, kisha jiulize mchoraji ametuweka wapi sisi. Tuko hatua chache kutoka kwao, ng'ambo ya kijito, kimya, mahali ambapo mtu mwenye mbwa angesimama.